Daftari la Makosa ya Baba

Jadida, Wete
12 Machi 1997

Kwa Ami yangu Humoud,

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuamkia shikamoo na nakubusu mkono, wewe na wote wa nyumbani kwako huko Maskati. Sisi tuko, tunavuta siku. Mama anakusalimu sana na anakushukuru kwa tende za Ramadhani. Nusu yake yule aliyekuja nazo alizila njiani, lakini hizo zilizobaki tumefuturia na jirani tukampa. Siasa ndiyo ile ile: watu wa vyama viwili hawazikani, na muuza samaki wa mtaa wa pili hapati mteja kwa sababu ya bendera aliyoitundika mlangoni.

Nilikuandikia mwezi wa Desemba kukujulisha kwamba baba ameniozesha kwa Hafiz bin Kificho, mwalimu wa skuli wa Gando. Nadhani barua haikufika, maana sijapata hata neno la pongezi.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe 3 Oktoba mwaka jana baba alikuwa anarudi na baiskeli kutoka Gando, lori la mtu mmoja wa hapa, Ngwali, likamgonga kwa nyuma. Alizimia muda wa maji ya chai kuchemka, hivyo ndivyo wanavyosema waliokuwepo. Alishonwa nyuzi sita nyuma ya sikio, akapigwa eksirei, akaambiwa fuvu zima, nenda nyumbani. Tukachinja kuku kwa furaha.

Ami, baba hayuko mzima. Anatia sukari kwenye chai mara tatu na kila mara anauliza nani aliyeitia. Mtu ambaye hajapata kutupigia kelele sasa anarusha sahani ukutani. Watoto wakicheza nje anaziba masikio. Mwezi wa Novemba alimpa bibi mmoja vidonge vya presha badala ya dawa ya minyoo, mama akamkimbilia bibi wa watu hadi barabara kuu bila ya kanga ya kichwani. Tangu siku ile duka letu la dawa tumelifunga, na unajua kuwa baba alitoa dawa hospitali miaka ishirini na sita bila ya kukosea hata kidonge kimoja.

Ngwali anasema baba anajifanya, anataka kula fidia. "Picha imetoka safi, kichwa kina nini?" Anayasema hayo barazani, na watu wa chama chake wanacheka. Tumempata wakili Chake Chake, Abrahman, kijana lakini mkali. Anasema bila ya maandishi ya wataalamu kuthibitisha kwamba ubongo unaweza kuumia na picha isionyeshe, tutachekwa na mahakama pia. Wewe unafanya kazi maktaba ya hospitali. Tutafutie, Ami. Mimi na Hafiz tumehamia hapa kwa wazee, maana mama peke yake hamuwezi tena.

Binti yako,
Rawya binti Maher


Maskati
20 Aprili 1997

Mwanangu Rawya,

Waaleyki salaam warahmatullah. Sisi wazima, joto limeanza. Hamzah amepata kazi serikalini, gari wamempa na simu wamempa, kilichobaki ni mke. Mpe salamu mama yako na umbusie ndugu yangu paji la uso.

Barua ya Desemba siikumbuki.

Habari ya Maher imenitoa machozi. Nimetafuta siku kumi, na kwa mkono wa mchukuzi wa barua hii nakuletea fotokopi za makala tatu za madaktari wa ubongo. Zisome na kamusi pembeni, wewe si mjinga wa Kiingereza. Nimepiga mstari panapohitajika. Wanasema hivi: mtu akipigwa kichwa hata kidogo, akazimia hata dakika chache, picha inaweza kutoka safi kabisa na yeye akabaki anasahau, anakasirika, halali, hastahamili kelele. Wengi hupona katika miezi mitatu. Wachache hawaponi. Kazi ya wakili wenu ni kumwonyesha jaji kwamba Maher ni katika hao wachache.

Na wanasema jambo jengine ambalo ndilo muhimu kwenu. Mgonjwa mwenyewe hajui kilichopungua. Ushahidi ulio bora ni wa anayeishi naye, aliyemjua kabla na anayemuona sasa. Huyo ni wewe. Nunua daftari. Kila kosa la baba yako liandike: siku, saa, kilichotokea, na nani aliyeshuhudia. Usimhurumie. Huruma inaharibu ushahidi. Hata akikuomba usiandike, andika kuwa amekuomba.

Ami yako,
Humoud


Jadida, Wete
2 Juni 1997

Ami yangu Humoud,

Assalaam aleykum, shikamoo. Hongera kwa kazi ya Hamzah. Hapa hatujambo, mvua za masika zimetung'olea bati mbili za jikoni na Hafiz amezirudisha. Hafiz ni mume wangu, Ami, kama na hilo hulikumbuki.

Makala zimefika. Wakili Abrahman alizisoma akasimama na kukaa mara tatu, akasema hizi ni bunduki. Ila ya pili ina upungufu: kutoka ukurasa wa 211 inaruka hadi 213. Kama 212 umebaki huko, tuletee.

Daftari nimenunua, la kurasa mia. Nakunakilia kidogo uone kama ndivyo:

"Mei 6, saa moja asubuhi. Kavaa kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha Hafiz, katoka hadi msikitini. Shahidi: imamu."

"Mei 11, baada ya Alasiri. Kauliza habari za mkojo wa sukari wa Mzee Silima, ambaye tulimzika mwezi wa Aprili na baba mwenyewe aliingia kaburini kumpokea. Kaambiwa. Kalia. Baada ya nusu saa kauliza tena."

"Mei 19, usiku wa kuamkia Jumanne. Hakulala. Kahesabu boriti za dari kwa sauti."

Unaona? Mwanzo nilikuwa naandika na kufuta. Sasa, nitakwambia ukweli, zikipita siku mbili bila ya kosa naona kama nimekosa kazi.

Baba aliiona ile makala ya kwanza mezani. Si unajua anasoma Kiingereza cha dawa kutushinda sote? Akavaa miwani, akaisoma yote, akachukua kalamu akasahihisha jina la dawa moja lililoandikwa vibaya. Halafu akaniambia, "Huyu wan'nenaye humu maskini kaumia kweli. Jamaa zake ni nani?" Nikamwambia, baba, ni wewe. Akaivua miwani taratibu. "Mie n'nzima. Weye n'nani kakutia maneno hayo?" Siku tatu hakusema na mimi, siku ya nne akawa amesahau kwa nini.

Na hilo nimeliandika.

Rawya


Maskati
9 Julai 1997

Mwanangu,

Salaam aleyki. Sote wazima. Shangazi zako wa huku wanakusalimu, na wanauliza lini utakuja kuwatembelea.

Ukurasa wa 212 mashine iliumeza. Si wa maana, ni wa majedwali.

Daftari ni zuri, lakini viatu na boriti vitamfanya jaji atabasamu tu. Wakili wa upande wa pili atasema wazee wote hupishanisha viatu. Mnahitaji tukio moja kubwa. Jambo ambalo Maher alilijua kama jina lake, akalivuruga hadharani, mbele ya mashahidi watu wazima wanaoheshimika, tena karibu na siku ya ajali, kuonyesha kwamba kichwa hakikuwa sawa tangu mwanzo. Fikiri vizuri. Kulikuwa na shughuli yoyote nyumbani katika miezi ile? Kisomo? Msiba? Harusi?

Na umwambie wakili wako asiandike "baada ya muda". Aandike "tangu siku ya ajali". Makala zinaruhusu, na fidia huhesabiwa tangu siku hiyo. Haya maneno manne ayashikilie mpaka mwisho.

Humoud


Jadida, Wete
28 Septemba 1997

Ami yangu,

Assalaam aleykum, shikamoo. Nisamehe kwa kimya cha Agosti. Tulikuwa na wageni. Mama hakuwa mzima sana lakini sasa anapika.

Tukio ninalo. Nashangaa sikulikumbuka mwenyewe hadi uliponiuliza.

Siku ya nikaha yangu, tarehe 22 Desemba, siku themanini tangu ajali, baba ndiye aliyeniozesha kwa ulimi wake. Shehe alikuwepo, na wanaume wapatao arubaini wa Jadida na Gando. Baba akamshika Hafiz mkono, akasema, "Nimekuoza binti yangu Rumaitha." Rumaitha, Ami, dada yenu, tuliyemzika mwaka wa themanini na tisa! Shehe akamwambia, Mzee Maher, Rawya. Akasema, "Ndio, Rumaitha." Mara ya tatu shehe alimtajia neno kwa neno, naye akafuatisha kama mtoto wa chuo cha Kurani, na ndipo akalitaja jina langu. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Wakasema mzee kazidiwa na furaha. Mimi huku ndani niliambiwa, na mimi nikacheka.

Nimeliandika ukurasa mzima, na mashahidi sita wametia saini, shehe akiwa wa mwanzo. Wakili Abrahman anasema hili litammaliza Ngwali.

Rawya


Jadida, Wete
14 Desemba 1997

Ami yangu mpenzi,

Assalaam aleykum, shikamoo, na takbira tatu. Tumeshinda!

Nikuhadithie kwa mpango. Wakili wa Ngwali alikuja mahakamani Chake Chake kutoka Unguja na tai nyekundu. Makala zilipotolewa akasema, "Mheshimiwa, karatasi haili kiapo. Hawa waandishi hawajapata kumuona huyu mzee, wala Pemba hawaijui iko wapi." Jaji akatikisa kichwa kumkubalia. Lakini Abrahman alishamleta daktari wa ubongo kutoka Dar es Salaam, Dokta Silima (si jamaa wa yule marehemu), naye akapanda kizimbani na makala zile zile, nakala zake mwenyewe, mkononi. Akasema haya ndiyo tunayosomeshea, na nimempima huyu mzee siku mbili, na kila kilichoandikwa humu nimekikuta kwake. Basi hapo karatasi ikapata mdomo.

Halafu akampima baba mbele ya watu. Akampa maneno matano ayashike: ndoo, ufunguo, karafuu, mlango, sindano. Wakazungumza mengine dakika tano, kisha akamuuliza. Baba alisema "karafuu". Akasema "karafuu" tena. Akatafuta, akaangalia dari, akanitazama mimi. Watu wa Ngwali walikuwa wanacheka nyuma. Ami, nitakwambia jambo sijamwambia mtu. Asubuhi yake baba alijiandikia kikaratasi cha kumkumbusha tarehe, jina la jaji na majina yetu, akakitia mfukoni ili asiaibike. Nilikitoa kanzu ilipokuwa inapigwa pasi. Niliogopa atafanya vizuri. Na aliponitazama pale, nikainamisha macho, na moyoni nilikuwa nahesabu: yamebaki manne, yamebaki manne. Alilia mbele ya watu wote. Nami nilifurahi.

Dokta Silima alikuwa na makala ya pili nzima nzima. Nilipomshikia karatasi zake niliuona ukurasa wa 212. Si majedwali. Ukurasa wenyewe unasema wagonjwa wa namna hii husahau na hughadhibika, lakini wengi wao hubaki na uwezo kamili wa kuamua mambo yao. Nikaona huu ukimfikia yule wa tai nyekundu tumekwisha. Niliuchomoa nikautia ndani ya buibui. Dokta hakujua, na jaji hakuletewa. Nilishukuru kwamba mashine yako ilikuwa na njaa.

Hukumu inasema baba "tangu siku ya ajali amekosa uzima wa fikra", na tukio la nikaha limetajwa mara mbili. Ngwali amekata rufaa, lakini Abrahman anasema apige kelele tu. Na habari nyengine: nina mimba. Mwezi wa saba, inshallah, utapata mjukuu.

Rawya


Maskati
22 Februari 1998

Mwanangu Rawya,

Eid imepita, taqabbala Allahu minkum. Hongera kwa ushindi.

Niletee nakala ya hukumu, iliyogongwa muhuri, pamoja na nakala ya daftari lote. Ni vyema karatasi za ukoo zikawa mahali pamoja. Hamzah atakuja Pemba mwezi wa Aprili na atakuchukulia.

Humoud


Jadida, Wete
3 Mei 1998

Ami Humoud,

Assalaam aleykum. Mama kaniambia nisikuandikie nikiwa na hasira, nikangoja siku nne, na hasira haijaondoka.

Hamzah alifika. Tukampikia pilau na kuku wa kienyeji, akatuletea mafuta ya udi. Nikampa bahasha yako kwa mikono yangu miwili, akanishukuru, akala, akaomba tena mchuzi. Kesho yake asubuhi akaja tarishi wa mahakama ya kadhi na hati. Mdai ni wewe, Humoud, kwa uwakala wa mwanao Hamzah. Unasema ndugu yako hakuwa na uzima wa fikra tangu tarehe 3 Oktoba 1996. Asiye na uzima wa fikra hana uwalii, hawezi kumuoza binti yake. Kwa hiyo nikaha ya tarehe 22 Desemba haikufungika, walii wangu wa haki alikuwa wewe, na wewe hukuridhia. Chini yake umebandika hukumu yetu. Na ukurasa wa daftari, kwa mwandiko wangu.

Nimeisoma mara ngapi sijui. Nilitaka kuona mahali umekosea ili nikucheke, sikupata.

Nina mimba ya miezi sita, Ami. Nambie kuwa ni Hamzah aliyefanya haya bila ya wewe kujua. Nitakubali kukuamini hata kama ni uongo.

Rawya


Maskati
30 Mei 1998

Binti wa ndugu yangu,

Waaleyki salaam. Huku sote wazima, alhamdulillah.

Hamzah hafanyi kitu nisichomtuma.

Nilimwandikia baba yako mara tatu kabla ya ajali, nikamuomba wewe kwa ajili ya Hamzah. Mara mbili hakunijibu. Mara ya tatu alinijibu mistari miwili: "Rawya ana wake wa Gando. Usinisumbue." Mistari miwili, kwa kaka yake aliyemsomesha. Sina ubaya na watu wa Gando, wanalima na wanavua, Mungu awabariki. Lakini hatujapata kuwaoza binti, si babu yetu wala baba yake. Barua ya Desemba niliipata. Niliiweka mezani nikasema nitaona.

Umenililia kuhusu mtoto. Usiogope. Ndoa iliyoingiwa kwa kutojua mtoto wake si wa haramu, ni wa shubha, na atapewa jina la baba yake. Nimeuliza. Mkishatenganishwa utakaa hadi ujifungue, na hapo nitakuwa walii wako. Hamzah hajali, ni kijana muungwana.

Ukurasa wa 212 ninao hapa kwenye mtoto wa meza. Ikiwa unafikiri kuupeleka kwa kadhi, kumbuka kwamba huo hamkuutoa mahakamani Chake Chake, na atakuuliza kwa nini. Zimebaki njia mbili tu. Ama baba yako mgonjwa, na ndoa haipo. Ama baba yako mzima, na wewe umeidanganya mahakama kwa daftari la kurasa mia. Chagua. Mimi nitaridhika na lolote.

Humoud


Jadida, Wete
19 Julai 1998

Humoud,

Assalaam aleykum. Shikamoo leo sikuandikii.

Nimejifungua tarehe 8, mtoto wa kike, mzima. Jina lake hutaambiwa na mimi.

Kesi ilisikilizwa Juni 24. Nilikwenda na ukurasa wa 212 na tumbo mbele. Nilimfasiria kadhi neno kwa neno: husahau, hughadhibika, uwezo wa kuamua hubaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, ni mtu mpole. Kisha akaniambia, "Mwanangu, msomi wako huyo mie simjui. Hakuja hapa, hakuapa. Na karatasi hii mbona haimo katika hukumu ya Chake?" Nikaikunja ile karatasi. Dokta Silima yuko masomoni Ulaya hadi mwakani, nilishampigia simu. Hamzah alikaa kitako upande wa pili, anajipepea na nakala ya daftari langu.

Kadhi akalichukua. Akasoma ule ukurasa wa nikaha kwa sauti, jina la Rumaitha na vicheko vyote. Akaniuliza, "Weye ndiwe uloandika?" Ni mimi. "Ni kweli, au si kweli?"

Usiku wa kuamkia siku ile Hafiz aliniambia, "Sema uonavyo, ukiniacha n'tajua hukuniacha kwa moyo." Hilo ndilo lililonimaliza. Nikaomba msahafu, nikaweka mkono, nikasema si kweli. Nikasema daftari lote nimelitunga mimi ili tule fidia ya Ngwali. Viatu, boriti, Mzee Silima, yote. Nikasema siku ya nikaha baba alifanya mzaha, anapenda mzaha, na mashahidi niliwaomba watie saini bila ya kusoma. Baba yangu mzima, nikasema, na alikuwa mzima siku ile. Kadhi aliandika, akafunga kitabu, akasema nikaha imesimama. Hamzah alitoka bila ya kuvaa viatu vizuri.

Basi umeshindwa. Ukitaka kujua nimelipa nini, kaa vizuri.

Wakili wa tai nyekundu alipata nakala ya kiapo changu kabla ya wiki kwisha. Rufaa ya Ngwali imepita kama maji. Abrahman amenirudishia jalada kwa mkono wa mtu, hakutaka kuniona. Mtaani tunaitwa wezi wa fidia, na polisi wameniita mara mbili. Baba hatapelekwa kwa madaktari wa Dar es Salaam, na dunia nzima sasa inajua kwamba alikuwa anajifanya.

Yeye mwenyewe amefurahi mno. Pale pale mbele ya kadhi alisimama akainua mikono, "Alhamdulillahi, si nilikwambieni mie n'nzima?" Akanijia, akanishika kichwa, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Nimekusamehe, mwanangu, kwa uongo wote ulioniandikia." Nikambusu mkono.

Kisha nikamtafuta mama. Alikuwa amesimama karibu na mlango, ameteremsha ukaya wake wa kichwani hadi usoni mbele ya mumewe.

Hili hukulijua, kwa sababu sikukuandikia. Ule mwezi wa Agosti hatukuwa na wageni. Baba alighadhibika kwa chumvi ya mchuzi, akampa mama talaka. Moja, akanyamaza, ya pili, akanyamaza, ya tatu. Mimi na Hafiz tulikuwa tumekaa mkekani, tumesikia. Tulimwita shehe. Shehe alisema mtu aliyeumia kichwa namna hii talaka yake haishiki, kaa na mumeo, Bi Asya. Mama akakaa. Abrahman angelipenda sana tukio lile, angelipiga mstari mwekundu. Sikumpa, nililionea aibu. Siku ya kiapo nilikuwa namfikiria Hafiz na mtoto tumboni, wala talaka ya mama haikunipitia kichwani. Nimejiuliza tangu siku ile kama haikunipitia kweli, au niliifukuza.

Njiani nilimwambia, mama, twende nyumbani tuzungumze. Akasema, "Tuzungumze n'ni? Umeapa kwa msahafu ntu yule n'nzima. Basi na talaka zake nzima. Mie nimelala na ntu si mume wangu miezi kumi?" Amehamia kwa kaka yake Gombani. Alikuja kuniosha na kunikanda nilipozaa, mchana tu, baba akiwa msikitini. Ikikaribia adhana ya Alasiri anavaa buibui anaondoka.

Baba haelewi. Kila jioni anauliza mama yako kaenda wapi. Ijumaa aliuliza mara nne. Mara ya nne nilikuwa na mtoto analia na usingizi wa siku tatu machoni, nikamwambia: umemwacha, baba, talaka tatu, kwa ajili ya chumvi. Akaanguka kwenye kiti. Alilia hadi Hafiz akamlaza kwa nguvu.

Asubuhi aliamka, akavaa kanzu nyeupe, akampakata mjukuu wake, akaniuliza, "Mama yako kenda sokoni?"

Nikamwambia ndio, baba. Kenda sokoni.

Rawya binti Maher